Ukikuta "shall" kwenye mkataba, uliza nani anadaiwa

Wasomaji habarini za siku. Toleo hili nimeweka pembeni maswali mengine maana meseji zenu zimeelemea upande mmoja, kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kiofisi, "shall", kile ambacho mtaani hukisikii kabisa lakini ukifungua mkataba, sheria, fomu ya tenda au barua ya ajira unakikuta kila mstari. Nimechukua yale yanayogusa watu wengi, na mengine yanagusa hela za watu na haki zao kabisa, kwa hiyo pale panapohitaji nitajibu kwa kirefu mnivumilie.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimepanga fremu ya duka hapa Mwanza, mkataba umeandikwa Kiingereza na mimi Kiingereza changu cha kuungaunga. Kuna sehemu imeandikwa "The Tenant shall repair all damage to the premises", dalali akanambia shall ni wakati ujao tu, yaani mpangaji atakuja kutengeneza huko mbeleni akijisikia, nisiogope, nikasaini. Sasa mlango wa chuma umeharibika mwenye fremu anasema ni juu yangu. Nani yuko sahihi? Nimekutumia na picha ya ukurasa wenyewe. (Mpangaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na mlango. Dalali kakupotosha, na inaniuma kwa sababu maneno kama hayo yanawatia watu hasara kila siku. Hapo "shall" haihusiani kabisa na wakati ujao, inaweka wajibu, yaani mpangaji anatakiwa kutengeneza na asipotengeneza kavunja mkataba. Ukitaka ikukae kichwani ujue kwamba zamani sana kwenye Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sceal" na maana yake ya mwanzo ilikuwa kudaiwa, na ndugu yake wa Kijerumani, "Schuld", mpaka leo ni deni. Maana ya wakati ujao ilikuja baadaye, ila wanasheria wao walibaki na ile ya deni. Ndo maana mimi huwa nawaambia watu ukikuta "shall" usiulize lini, uliza nani anadaiwa, na anadaiwa nini.

Sasa twende kwenye picha yako. Chini ya Tenant naona "shall" zimepangana: shall pay kodi ya miezi sita mbele, shall repair, shall pay umeme na maji, shall not sublet yaani usimpangishe mtu mwingine. Shuka chini kwa Landlord. "The Landlord may carry out structural repairs." Umeiona hiyo "may"? Mwenye fremu kajipa ruhusa ya kutengeneza kuta na paa, hajajipa wajibu, paa likivuja anaweza kulitengeneza na anaweza kuliacha na hiyo sentensi haimkamati. Halafu pale kwenye maji, "The Landlord shall endeavour to provide water". Hapo "shall" ipo ndiyo, lakini angalia anachodaiwa ni nini: anadaiwa kujitahidi, maji yenyewe hayadaiwi. Yaani ukurasa mmoja wewe una madeni manne ya moja kwa moja na mwenzio ana hiari moja na kujitahidi kumoja.

Kuhusu mlango, kinachokubana zaidi ni hayo maneno mawili yanayofuata, "all damage", uharibifu wote, haikusema ule uliousababisha wewe. Kama mlango ulikuwa umeliwa na kutu tangu unaingia na una picha au shahidi, una pa kushikia, mwambie huu ubovu ulikuwepo kabla yangu na uharibifu niliousababisha mimi uko wapi. Na mkataba ukifika wakati wa kuhuisha usisaini mpaka waongeze "caused by the Tenant" na ile "may" ya paa igeuzwe iwe "shall", wengi wanakubali ukiomba, tatizo hatuombi kwa sababu hatujaiona.

Usije ukaanza kuogopa kila "shall" lakini. Hapo juu kabisa pameandikwa "This Agreement shall commence on 1st March", hapo hakuna anayedaiwa, mkataba haudaiwi kitu, ni tarehe tu ya kuanza iliyovalishwa suti. Kwenye sheria za nchi yetu jambo hili limeandikwa wazi, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema ikitumika "may" kumpa mtu mamlaka basi ni hiari yake kuyatumia, ikitumika "shall" kumpa mtu kazi basi kazi hiyo ni lazima ifanywe. Kifungu hicho ni cha kusomea sheria, mikataba inasomwa kwa maneno yake na nia ya waliosaini, ila wanaoandika mikataba ndo hao hao waliofundishwa kifungu hicho chuoni, kwa hiyo wanajua wanachokiandika.

SWALI: Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema "I" na "we" zinachukua shall, wengine wote wanachukua will. Wa twisheni anasema hiyo ilishapitwa na wakati tuandike will kote. Nishike lipi? (Kidato cha tatu, Kigoma)

JIBU: Mwalimu wako wa darasani anakufundisha kanuni ambayo iliandikwa mwaka 1653 na bwana mmoja Mwingereza anaitwa John Wallis, mtu wa hisabati, kwenye kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza alichokiandika kwa Kilatini. Alisema ukijisemea wewe mwenyewe habari ya kesho tumia "shall", ukimsemea mwingine tumia "will", na ukigeuza, ukisema "you shall" au "he shall", hapo umeahidi au umetishia. Vitabu vya shule viliishika kanuni hiyo karne na karne. Wa twisheni naye hajakosea, maana leo Waingereza wenyewe wengi wanasema "I will" au "I'll" na Wamarekani ndo kabisa. Kwenye mtihani swali likiwa linapima kanuni ya kitabu fuata kitabu, kwenye insha andika "will" hakuna atakayekukata maksi.

Ila usiitupe "shall" yote, kuna mahali iko hai kabisa. "Shall I open the window?" Nifungue dirisha? "Shall we go?" Twende? Unaona ilivyokaa sawasawa na ile -e yetu ya kuomba kauli ya mwenzio. Ukisema "Will I open the window?" kwa Kiingereza cha kitabuni ni kama unamuuliza mtu akutabirie kama utalifungua. Na ile ya kuahidi kwa mtu wa pili nayo bado ina nguvu, mtu akikwambia "You shall have your money" kajifunga huyo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "Thou shalt not kill", na ya kwetu inasema "Usiue", hakuna hata harufu ya wakati ujao hapo, ni amri.

SWALI: Habari mwalimu. Niko Nakuru na nataka uniambie ukweli. Katiba yetu ya 2010 imesema si zaidi ya thuluthi mbili ya wabunge "shall be of the same gender", na kila uchaguzi bunge ni wanaume tu wamejaa na hakuna kitu inafanyika. Kama shall ni lazima, hiyo lazima iko wapi? Ama walituandikia tu? (Mama wa kikundi cha akina mama, Nakuru)

JIBU: Mama, swali lako ndo limenifanya niandike safu nzima juu ya neno hili. Hawakuwaandikia tu. Ni kweli iko kwenye ibara ya 27(8) na tena 81(b), na "shall" zake ni za kweli. Kilichotokea ni hivi.

Mwaka 2012 kabla ya uchaguzi Mwanasheria Mkuu wa Kenya alienda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, je hii thuluthi ianze mara moja kwenye uchaguzi wa Machi 2013 au iende polepole? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi wakasema polepole. Hoja yao kwa lugha ya kawaida ni kwamba "shall" inakuwa amri ya papo hapo pale tu kazi yenyewe inapokuwa ya kufanyika moja kwa moja, lakini kazi ikihitaji sheria nyingine na mipango itungwe kwanza basi "shall" hiyo inasubiri hiyo mipango, wakatoa mwisho tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga, yeye alisema ianze na uchaguzi ule ule wa 2013. Mimi msimamo wangu uko na Mutunga na sifichi, kwa sababu deni likishaambiwa "utalipa ukijipanga" mdaiwa hajipangi.

Na hakujipanga kweli. Agosti 2015 ikapita. Machi 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akalipa Bunge siku 60, zikapita. Miswada ya kubadilisha Katiba inataka kura 233 kati ya wabunge 349 na kila ikiletwa watu hawatoshi ukumbini. Angalia sasa mtego, wanaotakiwa kulipa deni ndo wale wale ambao wakilipa wengine wanapoteza viti, maana thuluthi moja ya 349 ni wanawake 117 na hao lazima wakae mahali. Mpaka tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akachukua ibara ya 261(7), ambayo nayo ina "shall" mbili zinazofuatana, Jaji Mkuu "shall advise" Rais avunje Bunge na Rais "shall dissolve" Bunge. Maraga akalipa ya kwake, akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta. Ya pili haikulipwa, kesi zikafunguliwa, Mahakama Kuu ikasimamisha, Bunge likakaa mpaka uchaguzi wa Agosti 2022.

Kwa hiyo mama jibu ni kwamba hiyo lazima ipo, ila "shall" peke yake haina mikono. Ukiisoma sheria usiishie kwenye "shall", endelea mbele utafute kama imeandikwa akikataa atafanywa nini, nani atamfanya na kwa muda gani. Kama hakuna, hiyo "shall" itategemea aibu ya mdaiwa.

Wala sio Kenya tu. Kule Marekani kuna kesi ya mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado. Sheria ya jimbo ilisema polisi "shall use every reasonable means" kutekeleza amri ya mahakama ya kumzuia mtu asisogelee familia yake. Mwaka 1999 baba mmoja aliyezuiwa hivyo akawachukua mabinti zake watatu, mama akawapigia polisi tena na tena usiku ule wakawa wanamwambia asubiri, watoto wakakutwa wamekufa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani kwa majaji 7 dhidi ya 2 ikasema pamoja na "shall" hiyo polisi bado wana hiari yao na mama hana haki ya kikatiba ya kudai utekelezaji. Nikiisoma kesi hiyo moyo unakwenda mbio mpaka leo. Na hapa kwetu Tanzania Mahakama ya Rufani nayo ilishasema "shall" iliyomo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai sio lazima ya kufa na kupona, inasomwa pamoja na kifungu cha 388, kwamba kosa la utaratibu linafuta hukumu pale tu lilipoleta kukosekana kwa haki. Hiyo mimi naielewa, mtu asiachiwe kwa sababu karani alisahau kugonga muhuri. Lakini nayo inakuonyesha kwamba neno lile lile majaji wanaweza kulikaza au kulilegeza, inategemea nani anaumia.

SWALI: Nanunua mahindi Makambako nauza nje. Karatasi za viwango sehemu nyingine zimeandikwa shall, nyingine should. Zote ni lazima au kuna za kuachia? (Mfanyabiashara, Makambako)

JIBU: Kwenye viwango mambo ni mepesi, huko ndiko "shall" imekaa kwa adabu kuliko mahali pote. Kanuni ya waandika viwango dunia nzima ni hii: "shall" ni sharti, usipolitimiza mzigo haujafikia kiwango, "should" inashauriwa, "may" inaruhusiwa, "can" inawezekana. Basi. Kwenye kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 13.5, sumukuvu (aflatoxin, ile sumu ya ukungu) jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo na ile aina ya B1 isizidi 5. Hizo ni za "shall", hazina mjadala mpakani, na unakumbuka Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu malori yalivyokwama. Anza na "shall" zote, pima unyevu kabla ya kupakia usisubiri kupimiwa Namanga, halafu "should" zifuate ukiwa na nafasi.

SWALI: Mwalimu, lecturer wetu kasema mkataba wa Paris wa tabianchi nusura ukwame kwa sababu ya kitenzi kimoja. Ni kweli au alikuwa anatuchangamsha? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

JIBU: Ni kweli kabisa na kitenzi chenyewe ndo hiki. Ilikuwa Jumamosi tarehe 12 Desemba 2015, pale Le Bourget nje kidogo ya Paris, wiki mbili za mazungumzo zimeisha, watu hawajalala, rasimu ya mwisho imegawiwa. Wanasheria wa Marekani wakapitia ibara ya 4 aya ya 4 wakakuta imeandikwa nchi tajiri "shall" ziendelee kuongoza kwa kujiwekea malengo ya kupunguza hewa chafu. Rasimu za nyuma zilisema "should". John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, akasema hapana, ikibaki "shall" hilo ni deni jipya la kisheria kwa Marekani, mkataba utabidi upelekwe Seneti, na Seneti ya wakati ule isingeupitisha. Ukumbi ukasubiri masaa. Mwishowe ofisa wa sekretarieti akasimama akasoma marekebisho ya uchapaji, koma hapa, neno pale, na humo humo katikati "shall" ikageuka "should", kisha Laurent Fabius, waziri wa Ufaransa aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, akagonga nyundo mkataba ukapita. Yaani jambo zito hivyo lilipita katikati ya masahihisho ya tahajia.

Ukitaka kuujua mkataba ule vizuri usisome hotuba, soma vitenzi. Ibara ya 4 aya ya 2 kila nchi "shall prepare, communicate and maintain" mpango wake wa kupunguza, kwa hiyo kila nchi inadaiwa kuandaa mpango na kuutangaza. Kuufikia huo mpango hakujawekewa "shall". Ibara ya 9 nchi tajiri "shall provide" fedha kuzisaidia nchi kama zetu, hapo deni lipo ila kiasi hakikuandikwa. Wewe mwanafunzi ukiandika ripoti ukasema Paris "inazilazimisha nchi kupunguza hewa chafu" umeandika kisichokuwemo, na nchi zetu zinazokauka na kufurika zinahitaji watu wanaojua tofauti hiyo wanapoingia kwenye vikao.

SWALI: Mimi ni karani wa ofisi, bosi anapenda barua ziwe nzito nzito. Niweke shall kila mahali? (Arusha)

JIBU: Hapana, punguza. "I shall be grateful if you..." ni heshima nzuri iache. Lakini ukimwandikia mfanyakazi mwenzio "You shall submit the report by Friday" umemtolea amri ya kijeshi, andika "please" maisha yaendelee. Na mikataba ukiandika wewe tumia "must" kwa anayedaiwa, inaeleweka na kila mtu. Afrika Kusini Katiba yao ya 1996 iliweka "must" pale ya muda ya 1993 ilipokuwa na "shall". Waandishi wa sheria wa Uingereza nao wanaikwepa siku hizi. Marekani walifagia "shall" zote kwenye kanuni zao za mashauri ya madai mahakama za shirikisho mwaka 2007, ila kanuni ya 56 walipoweka "should" badala yake ikaleta maneno, mwaka 2010 wakairudisha "shall" pale, kwa hiyo bibi kizee bado ana kiti chake.

SWALI: Natafsiri nyaraka kwenda Kiswahili, Zanzibar hapa. Tangu sheria zianze kuandikwa kwa Kiswahili kazi ni nyingi. Shall naiweka -ta- kote, mteja mmoja kalalamika. Nifanyeje? (Mtafsiri)

JIBU: Mteja wako ana haki ya kulalamika. Najua ulikoitoa hiyo -ta-, Katiba ya 1977 yenyewe imejaa, "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", "Rais atakuwa Mkuu wa Nchi", na hakuna anayedhani ni habari ya kesho. Kwenye Katiba tumeshaizoea. Lakini ukimpa mfanyakazi wa kawaida karatasi imeandikwa "mwajiri atalipa mshahara kabla ya tarehe 28" anaisoma kama taarifa, ndiyo atalipa, asipolipa mtu anasema labda amechelewa. Ukiandika "mwajiri anawajibika kulipa" au "lazima alipe" mtu anajua pa kumshika. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo namna tunavyoandika leo ndivyo majaji watakavyosoma miaka hamsini ijayo, tusiwaachie -ta- zenye mashaka. Kila "shall" ipime kwanza: kuna mtu anadaiwa? Weka lazima, sharti, anawajibika. Ni katazo? Hairuhusiwi, au ile "asi-" yetu inatosha, mpangaji asipangishe. Hakuna anayedaiwa? Tumia wakati uliopo tu, "mkataba huu unaanza tarehe moja Machi".

Na jihadhari na zile zilizojificha kwenye kutendwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ibara ya 137, uliposainiwa ulisema lugha rasmi ni Kiingereza halafu "Kiswahili shall be developed as a lingua franca of the Community". Kiswahili kiendelezwe. Na nani? Sentensi haimtaji mtu. Ukitafsiri sentensi kama hiyo usimtunge mdaiwa ambaye hayumo, tafsiri ilivyo, lakini ukiwa ndo mwandishi wa kwanza wa waraka mpigie kelele bosi wako amtaje.

SWALI: Dada yangu amepata kazi za ndani Muscat, ametumiwa mkataba wa Kiarabu na Kiingereza. Mimi ndo nimesoma kidogo nimsaidie. Kuna "The Employer shall provide suitable accommodation, food and medical treatment" nikafurahi. Chini kuna "The Employee shall perform any other duties as directed". Asaini? (Kaka mtu, Tanga)

JIBU: Umefanya vizuri kusoma kabla. Ile ya juu ni nzuri kweli, chumba, chakula na matibabu ni deni la mwajiri, na neno "suitable" linampa dada yako pa kusemea akilazwa jikoni. Ile ya chini ndo ya kuishughulikia. "Any other duties as directed" ni kazi yoyote atakayoamriwa, na kwa "shall" amekubali kudaiwa zote, leo kwa bosi, kesho kwa mama mkwe wa bosi, keshokutwa dukani. Ombeni iongezwe "within the Employer's household", ndani ya nyumba ya mwajiri, na masaa ya kupumzika yaandikwe kwa "shall" na upande wa mwajiri, sio "may rest". Wakala akisema hiyo ni fomu haibadilishwi mwambie basi aandike kwenye karatasi ya ziada na wote wasaini.

Halafu tafuta kipengele kinachosema lugha ipi inashinda zikitofautiana, mara nyingi kiko mwishoni kabisa. Kama ni Kiarabu basi hicho Kiingereza ulichokisoma ni cha kukusaidia kuelewa tu, tafuta mtu anayejua Kiarabu cha maandishi, hapo Tanga hamkosi, akusomee ibara kwa ibara mkilinganisha, hasa hizo mbili, na mshahara, na nani anashika pasipoti. Dada akifika awe na namba ya ubalozi wetu Muscat kwenye simu na nyingine kaandika pembeni kwenye karatasi maana simu huchukuliwa. Na kabla hajamrudishia wakala huo mkataba, piga picha kila kurasa, za Kiarabu na za Kiingereza, ubaki nazo wewe.